Maswali ya Wasomaji: LuaSocket Inapogoma

Safu hii leo ni ya LuaSocket, maktaba inayoiwezesha lugha ya Lua kuzungumza na mtandao. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazil, na walioiunda waliiacha nyembamba kwa makusudi: ndani yake hamna soketi (ncha ambayo programu huitumia kuunganishwa na mtandao), hamna HTTP, hamna hata amri ya kuorodhesha faili zilizomo kwenye folda. Anayetaka mtandao analeta maktaba kutoka nje. LuaSocket, aliyoianzisha Diego Nehab, ina sehemu mbili: moja imeandikwa kwa Lua yenyewe, nyingine kwa C, nayo lazima ikompailiwe, yaani igeuzwe kuwa msimbo wa mashine. Kiungo cha sehemu hizo mbili ndicho chimbuko la karibu kila barua mtakayoisoma hapa chini.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Ubuntu na nimeshaweka Lua 5.4. Nataka kuongeza LuaSocket. Mmoja ananiambia nitumie apt, mwingine ananiambia LuaRocks. Nimfuate nani?

JIBU: Wote wako sahihi, ila wanakupeleka sehemu tofauti. Njia ya apt, meneja wa vifurushi wa Ubuntu, ni ya mstari mmoja:

    sudo apt install lua-socket

Kifurushi hicho kimeshakompailiwa, kwa hiyo huhitaji kompaila. Watunzaji wa Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, huweka ndani yake nakala za matoleo kadhaa ya Lua kwa pamoja. Si lazima toleo lako liwemo, hasa kama mfumo wako ni wa zamani, kwa hiyo hakikisha kwanza:

    dpkg -L lua-socket | grep core

Ukiona njia yenye `lua/5.4/socket/core.so`, kazi imekwisha. Ukiona 5.1, 5.2 na 5.3 tu, kifurushi hicho hakikufai.

LuaRocks ni meneja wa vifurushi wa Lua yenyewe. Hupakua chanzo cha maktaba na kukikompaili kwenye mashine yako, kwa toleo la Lua unalolitaja. Unahitaji vitu hivi:

    sudo apt install lua5.4 liblua5.4-dev build-essential unzip luarocks

Wengi huruka `liblua5.4-dev` kwa kudhani kuwa Lua wanayo tayari. Kifurushi cha `lua5.4` kinaleta programu ya kuendesha skripti peke yake. Faili ya `lua.h`, ambayo kompaila inaihitaji ili kujenga sehemu ya C, imo kwenye kile cha `-dev`. Vikishakamilika:

    luarocks --lua-version=5.4 install --local luasocket
    eval "$(luarocks --lua-version=5.4 path)"
    lua5.4 -e 'print(require("socket")._VERSION)'

Mstari wa mwisho ukichapisha jina linaloanza na "LuaSocket", umefika. Mstari wa `eval` unaiambia Lua itafute maktaba ndani ya folda ya `.luarocks` iliyo kwenye folda yako ya nyumbani, lakini unafanya kazi kwenye tominali hiyo tu. Uandike pia mwishoni mwa `~/.bashrc`, vinginevyo kesho utatuandikia barua ya pili.

Kama LuaRocks inalalamika kwamba haiijui `--lua-version`, unayo ya mfululizo wa 2. Chaguo hilo lilikuja na mfululizo wa 3. Pakua chanzo cha LuaRocks mpya, ingia kwenye folda yake, kisha:

    ./configure --lua-version=5.4
    make
    sudo make install

Ushauri wetu ni huu: kama skripti itaendeshwa kwenye mfumo huohuo na toleo lako limo kwenye kifurushi, tumia apt. Ukihitaji toleo jipya la maktaba, au una Lua zaidi ya moja, tumia LuaRocks. Usitumie zote mbili kwa toleo moja la Lua. Hazigombani waziwazi, ila siku ukisasisha moja utashangaa kwa nini mabadiliko hayaonekani, kumbe skripti inasoma ile nyingine.

SWALI: Wataalamu, nawasalimu. LuaRocks imeniambia kila kitu kimesakinishwa sawasawa. Nikiendesha skripti napata `module 'socket' not found`, halafu orodha ndefu ya njia za faili. Nimefuta na kusakinisha tena, hali ni ileile.

JIBU: Acha kusakinisha tena. Maktaba ipo, Lua unayoiendesha ndiyo isiyojua ilipo, na ile orodha ndefu ambayo wengi huipuuza ndiyo inayokupa jibu.

Unapoandika `require("socket")`, Lua hutafuta kwa mpangilio. Kwanza huangalia jedwali la `package.preload`, ndiyo maana mstari wa juu wa orodha unalitaja. Kisha hupita njia zilizomo kwenye `package.path` ikitafuta faili ya `.lua`. Ikikosa, hupita zile za `package.cpath` ikitafuta faili iliyokompailiwa, yaani `.so` au, kwenye Windows, `.dll`. Kila mahali ilipobisha hodi pasiwe na mtu, imepaandika. Kwa hiyo isome orodha na utazame namba iliyo katikati ya kila njia, mathalani `/usr/local/share/lua/5.3/socket.lua`. Namba hiyo ndiyo Lua inayoendesha skripti yako. Kama ulisakinisha kwa 5.4 na orodha inasema 5.3, tatizo umeshalikamata.

Thibitisha kwa amri hizi nne:

    lua -v
    command -v lua
    luarocks config lua_version
    luarocks show luasocket

Ya kwanza inataja toleo la Lua, ya pili inaonyesha programu hiyo iko wapi, ya tatu inasema LuaRocks inajenga kwa toleo lipi, na ya nne inakuambia maktaba iliwekwa kwenye mti (folda kuu ya usakinishaji) upi. Namba ya amri ya kwanza na ya tatu lazima zilingane, 5.4 kwa 5.4. Tarakimu ya tatu haina neno: 5.4.4 na 5.4.6 hutumia folda moja na maktaba zilezile. Lakini 5.3 na 5.4 ni lugha mbili kwa upande wa C, na kila moja ina folda yake.

Kama zinatofautiana, ama ielekeze LuaRocks moja kwa moja kwa amri

    luarocks config lua_version 5.4

ama endelea kutaja `--lua-version=5.4` kila mara. Sisi tunapendelea kutaja kila mara. Inachosha vidole, lakini anayekuja kusoma maelezo yako ya usakinishaji anaona wazi ulichokusudia.

Namba zikiwa zinalingana na kosa bado lipo, chunguza njia zenyewe:

    lua -e 'print(package.path) print(package.cpath)'

Tafuta humo folda ambayo `luarocks show` imeitaja. Kama ulisakinisha kwa `--local` na huoni `.luarocks` popote, mstari wa `eval` haujafika kwenye tominali hiyo. Hili huwapata sana wanaoendesha skripti kupitia cron au systemd (zana za Linux zinazoendesha programu zenyewe) au kitufe cha kihariri, kwa sababu hivyo vyote havisomi `~/.bashrc`. Huko weka mwenyewe vigezo vya mazingira `LUA_PATH` na `LUA_CPATH`, au sakinisha maktaba kwa mfumo mzima kwa kutumia `sudo` bila `--local`.

Ukiviweka mwenyewe, kumbuka mambo mawili. La kwanza, malizia thamani kwa nukta-mkato mbili, `;;`. Alama hiyo inaiambia Lua iweke hapo njia zake za kawaida. Bila hiyo umezifuta zote, na maktaba zilizokuwa zikifanya kazi nazo zitapotea. La pili, kuanzia Lua 5.2 kuna vigezo vyenye namba ya toleo, kama `LUA_PATH_5_4`, na hivyo hushinda `LUA_PATH` ya kawaida. Ikiwa mtu aliwahi kukiweka kwenye mashine hiyo, utahariri `LUA_PATH` hadi jioni bila kuona badiliko lolote.

Kuna ndugu wa kosa hili: `module 'socket.core' not found`. Tazama vizuri, limetajwa `socket.core`, si `socket`. Maana yake faili ya `socket.lua` imeonekana na imeanza kusomwa, ila nusu ya C haijapatikana. Karibu kila mara mtu ameweka `LUA_PATH` akasahau `LUA_CPATH`, au amenakili faili za `.lua` kutoka mashine nyingine akaacha `core.so` nyuma.

Na ndugu mwingine: `loop or previous error loading module 'socket'`. Hili huwapata watumiaji wa Lua 5.1 na LuaJIT (Lua nyingine iliyoundwa kwa ajili ya kasi) walioipa skripti yao ya majaribio jina la `socket.lua`. Katika matoleo hayo folda uliyomo hutafutwa kwanza, kwa hiyo skripti inajiita yenyewe. Ibadilishe jina.

Mwisho, ikiwa Lua yako imo ndani ya programu nyingine, mathalani mchezo, seva ya wavuti au kihariri, basi `lua -v` ya tominali haikuambii kitu. Chapisha `_VERSION` na `package.cpath` kutoka ndani ya programu hiyo. Baadhi ya programu hizo pia huzima upakiaji wa maktaba za C kwa sababu za usalama, na hapo LuaSocket haitaingia hata ufanyeje.

SWALI: Usakinishaji wangu unakatika katikati na kuandika `lua.h: No such file or directory`. Nifanye nini?

JIBU: Faili za vichwa za Lua hazipo, au zipo mahali ambapo LuaRocks haikutazama. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `liblua5.4-dev`, kwenye Fedora kifurushi kinaitwa `lua-devel`. Kama vimo na kosa linaendelea, itajie LuaRocks folda yenyewe:

    luarocks --lua-version=5.4 install --local luasocket LUA_INCDIR=/usr/include/lua5.4

Usijaribiwe kuelekeza `LUA_INCDIR` kwenye folda ya toleo jingine kwa kuwa "zinafanana". Kompaila itaridhika, na kosa litahamia kwenye wakati wa kuendesha, ambako ni gumu zaidi kulitambua. Barua inayofuata inaonyesha matokeo yake.

SWALI: Salaam. Nikiita `require("socket")` napata `undefined symbol: lua_newuserdata`. Maana yake nini?

JIBU: Umepakia `core.so` iliyojengwa kwa Lua ya zamani ndani ya Lua 5.4. Katika 5.3 na kurudi nyuma, `lua_newuserdata` ilikuwa kazi halisi ndani ya Lua. Katika 5.4 nafasi yake ilichukuliwa na `lua_newuserdatauv`, na jina la zamani likabaki kama makro inayoonekana na kompaila peke yake. Faili iliyokompailiwa zamani inaitafuta kazi ambayo haipo tena.

Kuhamisha faili kutoka folda ya 5.3 kwenda ya 5.4 ndiko kunakoleta hali hii mara nyingi. Futa ulichokinakili, kisha jenga upya kwa `--lua-version=5.4`.

Kama ujumbe ni `dynamic libraries not enabled; check your Lua installation`, hilo ni jambo tofauti. Lua yenyewe ilikompailiwa kwa `make generic`, ambayo haina uwezo wa kupakia maktaba za C. Rudi kwenye chanzo cha Lua, endesha `make clean`, kisha `make linux`, na usakinishe tena.

SWALI: Mradi niliourithi unataka LuaSocket 3.0rc1. LuaRocks inaanza kupakua kutoka anwani ya `git://github.com`, inasubiri mno, halafu inakata tamaa. Mtandao wangu ni mzima.

JIBU: Tarehe 15 Machi 2022 GitHub ilifunga kabisa itifaki ya `git://` kwa sababu haina usimbaji, yaani haifichi data njiani. Maelezo ya vifurushi vingi vya zamani bado yanataja anwani hizo. Unaweza kuiagiza Git izibadilishe kimyakimya:

    git config --global url."https://github.com/".insteadOf git://github.com/

Baada ya hapo rudia amri yako. Lakini kwanza jiulize kama kweli unalihitaji toleo hilo. Rc1 ilikaa miaka mingi kama toleo la majaribio hadi 3.0.0 na 3.1.0 zilipotoka mwaka 2022, na miradi mingi iliitaja kwa kuwa haikuwa na cha kutaja kingine. Ondoa namba kwenye amri, sakinisha 3.1.0, endesha majaribio ya mradi wako. Git ibadilishiwe anwani pale tu majaribio yatakapokataa.

SWALI: Ndugu Mhariri, `socket.http` inafungua anwani za `http://` bila shida. Nikiweka `https://` inalalamika kuhusu `ssl.https`. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. LuaSocket haina ndani yake usimbaji wa TLS, ule unaotumiwa na anwani za https. Kazi hiyo ni ya maktaba nyingine, LuaSec, inayoegemea maktaba ya usimbaji ya OpenSSL. Kwenye Ubuntu:

    sudo apt install libssl-dev
    luarocks --lua-version=5.4 install --local luasec

Bila `libssl-dev` utaambiwa kwamba `openssl/ssl.h` haikuonekana. Kwenye macOS, OpenSSL ya Homebrew haikai kwenye folda za kawaida, kwa hiyo itaje:

    luarocks install luasec OPENSSL_DIR="$(brew --prefix openssl@3)"

Hadi hapo anwani za https zitafunguka, na watu wengi huishia hapo. Wanaishia mapema. Moduli ya `ssl.https` kwa kawaida yake ina `verify = "none"`: inasimba mawasiliano, ila haikagui cheti cha upande wa pili. Mtu aliyejipenyeza katikati akitoa cheti chake mwenyewe, skripti yako itakipokea na kumkabidhi nenosiri. Ukaguzi unauwasha mwenyewe:

    local https = require("ssl.https")
    local ltn12 = require("ltn12")

    local vipande = {}
    local ok, namba = https.request{
      url    = "https://example.com/",
      sink   = ltn12.sink.table(vipande),
      verify = "peer",
      cafile = "/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt",
    }
    if not ok then
      print("imeshindikana:", namba)
    else
      print(namba, #table.concat(vipande))
    end

Njia hiyo ya `cafile` ni ya Debian na Ubuntu, na huletwa na kifurushi cha `ca-certificates`. Kwenye Fedora tumia `/etc/pki/tls/certs/ca-bundle.crt`. Cheti kikikataliwa utapata `nil` na ujumbe `certificate verify failed`, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tafadhali msiutibu ujumbe huo kwa kurudisha `"none"`. Kagua saa ya mashine kwanza, maana saa iliyorudi nyuma miaka mingi hufanya vyeti vyote vionekane havijaanza kutumika. Kisha kagua kama faili ya `cafile` ipo kweli.

Mabadiliko mengine yaliyomo kwenye mfano: ukiita `request` kwa jedwali badala ya kuipa anwani peke yake, jibu la kwanza si maandishi ya ukurasa bali namba 1. Maandishi yanakwenda kwenye `sink`, yaani mahali ulipoagiza data ipokelewe. Na ukituma data kwa POST kupitia `source`, weka kichwa cha `content-length` chenye idadi ya baiti, si ya herufi. Alama ya `#` mbele ya tungo la Lua inakupa baiti. Usipokiweka, LuaSocket itajaribu kutuma kwa vipandevipande, utaratibu ambao seva nyingi huukataa.

SWALI: Skripti yangu inasoma kutoka seva fulani. Wakati mwingine inaganda moja kwa moja, haitoi kosa wala haiendelei. Je, nisakinishe LuaSocket upya?

JIBU: Hapana, usakinishaji wako hauna ubaya. Soketi ya kawaida ya LuaSocket haina kikomo cha kusubiri mpaka uiwekee. Seva ikinyamaza, nayo itasubiri milele. Weka kikomo kwa sekunde mara tu unapoiunda:

    local socket = require("socket")
    local s = assert(socket.tcp())
    s:settimeout(5)
    assert(s:connect("example.com", 80))
    s:send("HEAD / HTTP/1.0\r\nHost: example.com\r\n\r\n")
    local data, kosa, pungufu = s:receive("*a")
    print(data or pungufu, kosa)
    s:close()

Tazama majibu matatu ya `receive`. Muda ukiisha, la kwanza ni `nil`, la pili ni `"timeout"`, na la tatu ni kile kilichokwisha kufika kabla ya kukatika. Wengi hulitupa la tatu, kisha wanauliza kwa nini data inapotea. Seva ikifunga laini kabla ya mstari kukamilika unapata `"closed"`, na hapo pia kilichofika kimo kwenye jibu la tatu.

Chunguza pia unasoma kwa mtindo gani. `"*a"` husubiri hadi upande wa pili ufunge laini. Kwa seva inayoacha laini wazi, ambayo ndiyo kawaida ya HTTP 1.1, mtindo huo utaganda hata kama data yote imeshafika. Ndiyo maana mfano wetu unatumia HTTP 1.0. `"*l"` husoma mstari mmoja, na namba husoma baiti kwa idadi hiyo.

Kwa `socket.http` kikomo kipo tayari, sekunde 60. Kipunguze kwa `http.TIMEOUT = 10` kabla ya kuita `request`.

Jambo moja halitibiwi na `settimeout`: kutafuta anwani ya IP kwa jina la seva. Kazi hiyo inafanywa na mfumo wa uendeshaji, na LuaSocket inausubiri. Mashine yenye DNS (huduma ya utafutaji huo) mbovu itaganda kabla ya kufika kwenye soketi. Kujua, weka anwani ya IP badala ya jina. Ikienda mbio, tatizo ni DNS.

SWALI: Natumia LuaJIT. Nisakinishe LuaSocket ya toleo gani?

JIBU: Ya 5.1. LuaJIT inapatana na Lua 5.1 hadi kwenye ngazi ya C, kwa hiyo `core.so` iliyojengwa kwa 5.1 inaingia bila kukompailiwa tena: `luarocks --lua-version=5.1 install --local luasocket`.

SWALI: Kwenye Windows napata `%1 is not a valid Win32 application` ninapoita socket. Faili ya `core.dll` nimeipakua na nimeiweka mahali pake.

JIBU: Lua yako ni ya biti 64 na `core.dll` ni ya biti 32, au kinyume chake. Hakuna mipangilio ya kulirekebisha. Tafuta faili inayolingana, au ijenge mwenyewe. Kwenye Windows tunashauri Lua, LuaRocks na kompaila vitoke chungu kimoja. Lua iliyojengwa kwa Visual Studio ikichanganywa na maktaba ya MinGW hutegemea maktaba mbili tofauti za C, na programu inaweza kuanguka bila ujumbe wowote. Kumbuka pia kwamba faili ni mbili na zote zinaitwa `core.dll`: moja ndani ya folda ya `socket`, nyingine ndani ya `mime`. Ukiziweka folda moja, ya pili itaifuta ya kwanza.

SWALI: Seva ninayotaka kuiwekea LuaSocket haina intaneti wala kompaila, na haitaruhusiwa kuwa navyo. Kuna njia?

JIBU: Ipo. Tafuta mashine nyingine yenye mfumo uleule, toleo lilelile la Lua na aina ileile ya prosesa. Sakinisha LuaSocket humo kama kawaida, kisha ifunge:

    luarocks --lua-version=5.4 pack luasocket

Utapata faili kama `luasocket-3.1.0-1.linux-x86_64.rock`, ambayo ndani ina `core.so` zilizokwisha kujengwa. Ihamishe kwa njia yoyote mnayoruhusiwa, na kwenye seva iliyofungiwa endesha:

    luarocks --lua-version=5.4 install --local luasocket-3.1.0-1.linux-x86_64.rock

LuaRocks yenyewe lazima iwepo kule. Ikiwa haipo, faili ya `.rock` ni zip ya kawaida: ifungue, faili za `.lua` ziende kwenye folda iliyomo kwenye `package.path`, na zile za `.so` kwenye folda ya `package.cpath`, huku ukihifadhi folda ndogo za `socket` na `mime` kama zilivyo.

Jengea kwenye mfumo mkongwe kuliko wote unaoulenga. Maktaba iliyojengwa kwenye mfumo mpya ikipelekwa kwenye wa zamani hukataa kwa ujumbe unaotaja `GLIBC_` na namba ya toleo, ilhali ya mfumo wa zamani huingia kwenye mpya bila shida. Alpine ni kesi nyingine, kwani Linux hiyo inatumia maktaba ya msingi ya C iitwayo musl badala ya glibc. Faili iliyojengwa Ubuntu haitapakika humo, hivyo jengea Alpine ndani ya Alpine.